Mgeni wa Kolwezi: Mji wa Shaba na Kazi ya Utalii

Vitanda vya hoteli za Kolwezi hujazwa na migodi. Anayelala humo ni fundi wa mitambo aliyetumwa kutoka Johannesburg, mkaguzi wa hesabu kutoka Kinshasa, muuza vipuri kutoka Lubumbashi, mhandisi kutoka China, mwanasheria, mwandishi wa habari. Amekuja kwa siku tatu au nne, chumba kimelipiwa na mwajiri, na ikifika Ijumaa jioni anaulizia ndege au gari la kurudi. Kwa kanuni za takwimu za Umoja wa Mataifa huyu ni mtalii kamili: huhesabiwa kila anayelala ugenini kwa muda usiofika mwaka mmoja bila kuajiriwa na wenyeji, awe amekuja kuogelea au kufunga mashine. Kwa hiyo Kolwezi haina uhaba wa watalii. Inachokosa ni sababu ya kuwafanya wabaki Jumamosi na Jumapili. Hata mamlaka ya kuitengeneza sababu hiyo haiko nayo yote, maana karibu kila kitu ambacho mgeni angependa kukiona kiko mikononi mwa mtu mwingine.

Mji ulizaliwa kwa ajili ya kazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi, kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, ambako usiku wa Julai ni wa kuvaa koti. Mitaa ya Wazungu ilipangwa upande mmoja, kambi za wafanyakazi upande mwingine. Baada ya uhuru migodi ikawa mali ya kampuni ya serikali, Gécamines, na Kolwezi ikabaki mji wa mkoani chini ya Lubumbashi, kilomita kama 300 kuelekea mashariki. Hali hiyo ilikoma mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, lenye eneo la kilomita za mraba 121,308. Serikali ya jimbo, kwanza chini ya Richard Muyej, kisha Fifi Masuka Saini, ilileta aina ya pili ya wageni: wabunge, mawaziri, wajumbe wa mikutano. Hawa nao hawakuja kutalii, lakini wanakula, wanalala, na mkutano ukiahirishwa hadi kesho yake wanatafuta mahali pa kwenda.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inayaachia majimbo utalii, urithi wa kihistoria na hifadhi zenye umuhimu wa kijimbo au wa mahali. Ukisoma hapo tu, Lualaba ina uhuru wa kutosha. Mambo yanabadilika ukitazama nani anashika nini. Hifadhi za taifa ziko chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi. Ofisi ya Taifa ya Utalii na Mfuko wa Kukuza Utalii, ambao mapato yake hutokana na tozo za hoteli na mikahawa, viko Kinshasa na huwa na wawakilishi majimboni. Mwenye hoteli wa mtaa wa Biashara anaweza kutembelewa na wakala wa mfuko, wa jimbo, wa mji na wa komini, kila mmoja na daftari lake la risiti. Meya huteuliwa kwa amri ya rais wa nchi, na chini yake mji una komini mbili, Dilala na Manika, zinazoshughulika zaidi na masoko, usafi na vibali vya ujenzi. Wizara ya jimbo inayobeba utalii kwa kawaida hubeba na mambo mengine. Katika mpangilio kama huu kuukuza utalii ni kazi ya mazungumzo kuliko ya matangazo. Mji unaochapisha vipeperushi kabla ya kukubaliana na wenye ardhi, wenye mabwawa na wenye migodi unamwalika mgeni kwenye nyumba isiyo yake.

Ziwa Nzilo linaonyesha jambo hilo waziwazi. Ni bwawa, halikuwa ziwa tangu awali: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mto Lualaba ulizibwa kaskazini mwa Kolwezi, pale unapoingia kwenye magenge na maporomoko, ili umeme wake uendeshe viwanda vya shaba. Kituo hicho kilipewa jina la Alexandre Delcommune, Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1891. Miaka michache baadaye kikajengwa kingine cha Nseke chini zaidi mtoni. Leo umeme ni wa shirika la taifa la SNEL, na kingo za ziwa zina wavuvi, mashamba, machifu, na viwanja ambavyo watu wenye uwezo wamejichukulia mapema.

Jumamosi mchana barabara ya kwenda huko huonyesha soko lilivyo. Pikapu nyeupe za migodini hutambulika kwa mbali kwa fimbo ndefu yenye kibendera cha rangi kali, iliyofungwa ili malori makubwa ya mgodini yaione gari dogo; dereva haiondoi hata siku ya mapumziko. Nyuma yake kuna majokofu ya mkononi, viti vya plastiki, mkaa. Wageni hawa huja na chakula chao kwa sababu hawana hakika watakuta nini. Mvuvi ana samaki mbichi, mama ana bukari na pilipili, kijana ana mtumbwi, ila hakuna bei iliyoandikwa, choo ni cha kubahatisha, na mtumbwi hauna jaketi la kuokolea hata moja. Kinachohitajika hapa ni kidogo mno kikilinganishwa na hoteli ya nyota nne: gati la mbao, vyoo vinavyosafishwa, mtu mwenye dhamana ya usalama majini, bango linaloonyesha sehemu ya kuogelea na sehemu isiyofaa, na mapatano na kijiji juu ya nani anapokea ada ya kuingia. Fedha ya kazi hizo haifiki hata ya lori moja la mgodini. Ugumu uko kwenye mapatano.

Kuna pia suala la maji yenyewe. Mito ya Musonoi na Luilu, inayopita katikati ya machimbo na viwanda, imepokea mabaki ya uchenjuaji kwa miongo mingi. Mabaki ya zamani ya bonde la Musonoi na ya Kingamyambo ni mengi kiasi kwamba mradi wa Metalkol uliundwa kuyachenjua upya ili kutoa shaba na kobalti iliyobaki ndani yake. Mji unaotangaza ufukwe na boti hauna budi kupima maji mara kwa mara na kuyabandika majibu mahali ambapo muogeleaji atayasoma, hata siku ambayo majibu si mazuri. Wafanyabiashara wengi wa utalii huliogopa jambo hili. Lakini wageni wa Kolwezi ni wahandisi na wakemia. Hawa ndio watu wagumu kuliko wote kudanganywa kuhusu maji.

Kivutio kikubwa cha mji, machimbo, kinatazamwa kila siku na maelfu ya wafanyakazi na hakionyeshwi kwa mtu mwingine yeyote. Migodi ya kina KCC, COMMUS na Mutanda imezungushiwa uzio, na kupiga picha bila kibali kunaweza kumfikisha mtu kituoni. Kwingineko mambo hayako hivyo. Huko Kimberley, Afrika Kusini, uchimbaji wa almasi katika shimo lake kubwa ulikoma mwaka 1914, na shimo hilo sasa ndilo linaloleta wageni mjini, likiwa na jukwaa la kutazamia na makumbusho pembeni. Karibu zaidi, kwenye Copperbelt ya Zambia, Ndola ina Makumbusho ya Copperbelt, na jirani ya Chingola kuna kituo cha sokwe cha Chimfunshi kilichoanza 1983, ambacho wafanyakazi wa migodi hukitembelea wakiwa na familia zao. Si lazima kungoja mgodi ufungwe. Jukwaa moja lililojengwa nje ya uzio, kwa makubaliano na kampuni moja, pamoja na ziara moja kwa mwezi iliyopangwa mapema, vingetosha kuanza, na wanafunzi wa shule za Kolwezi wangekuwa wageni wa kwanza. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mtoto anaweza kumaliza sekondari mita mia chache kutoka kwenye moja ya migodi mikubwa ya shaba barani bila kuwahi kuona ndani yake.

Zaidi ya mashimo kuna vilima. Katika msitu wa miombo wa Lualaba, kilima chenye shaba nyingi hujitambulisha chenyewe: miti hukoma kwenye miteremko yake na juu hubaki nyasi na maua mafupi, kwa kuwa udongo wake ni sumu kwa mimea mingi. Baadhi ya mimea iliyozoea sumu hiyo haipatikani popote pengine duniani. Ua dogo la jamii ya mrehani, Haumaniastrum katangense, lilijulikana kwa watafuta madini kuwa dalili ya shaba iliyo chini. Kwa bahati mbaya mmea unaoota juu ya madini ndio wa kwanza kuondolewa mgodi unapofunguliwa. Huko Fungurume wataalamu wa mimea wa Kongo na Ubelgiji wamefanya kazi ya kuhamisha udongo na mbegu ili jamii hizo zisipotee. Kilima kimoja kilichohifadhiwa, chenye njia ya miguu na mwongoza wageni aliyefundishwa majina ya maua, kingekuwa kitu ambacho Nairobi, Zanzibar na Arusha haziwezi kukionyesha. Hili ndilo wazo ambalo halijapewa uzito unaostahili katika mazungumzo ya utalii wa jimbo, labda kwa sababu kilima kisicho na miti hakionekani kama mandhari.

Malakiti, jiwe la kijani lenye mistari ya giza na nuru kama pete ndani ya pete, ndiyo zawadi ambayo mgeni huondoka nayo. Wachongaji hulikata kwa msumeno, hulisugua kwa msasa wa maji wa daraja baada ya daraja hadi ling'ae, na kutoa bangili, tembo, sahani za majivu, mayai. Vumbi lake lina shaba na halifai kuvutwa, hivyo barakoa na maji wakati wa kukata ni jambo la kwanza la kuangaliwa na mji ukitaka kuwa na kijiji cha wachongaji. La pili ni karatasi. Jiwe lisilochongwa ni madini machoni pa sheria, na mgeni anayepakia kipande ghafi begini anaweza kukutana na maswali uwanja wa ndege. Duka linalotoa risiti pamoja na hati inayokubalika kwa kituo cha uthibitishaji madini, CEEC, lingeuza zaidi kuliko duka zuri lisilo na karatasi. Wakusanya madini wa Ulaya na Marekani wanalijua jina la Musonoi kwa sababu nyingine: humo yalitambuliwa kwa mara ya kwanza madini adimu kama guilleminite, na liko hata moja lililopewa jina la mji, kolwezite. Baadhi yake yana urani, na hayo si ya kuuzwa barabarani.

Kuhusu historia, jimbo lina utajiri ambao mji unaweza kuutumia kama mlango. Shaba ya Katanga ilichimbwa na kuyeyushwa karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Vipande vidogo vya shaba vya umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha na mahari, vimefukuliwa makaburini huko Sanga kando ya Ziwa Kisale, ambalo leo liko Haut-Lomami. Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, ulikuwa mji wa Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo katikati ya karne ya 19 akajenga dola ya Wayeke kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa, bidhaa zake zikifika pwani zote mbili za bara. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliokuwa umetoka pwani ya Bagamoyo na wapagazi Waswahili kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kila mwaka tarehe hiyo Wayeke hukusanyika Bunkeya. Kwa msomaji wa Tabora au Bagamoyo hii ni sehemu ya historia yake mwenyewe, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakuna soko la utalii lililo rahisi zaidi kulifikia kwa lugha moja. Kaskazini ya mbali, wilayani Kapanga, kuna Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambaye heshima yake inavuka mipaka hadi Angola na Zambia. Safari ya huko ni ndefu na barabara ni mbaya, na mapokezi yana taratibu zake. Mgeni haingii tu na kamera. Anatanguliwa na ujumbe, anaelekezwa na wazee, na anatoa alichoambiwa atoe. Ofisi ya utalii ya Kolwezi ina kazi ya kuzieleza taratibu hizo kabla ya safari, kazi ambayo mtandao hauwezi kuifanya.

Mwaka 1978 ni mgumu zaidi kushika. Tarehe 13 Mei waasi wa kundi la FLNC waliotokea Angola waliuteka mji; tarehe 19 Mei askari wa miamvuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliangushwa Kolwezi, na Wabelgiji wakafuata. Walikufa Wazungu zaidi ya mia moja na Wakongomani mamia. Nchini Ufaransa tukio hilo lina vitabu, gwaride la kumbukumbu na filamu ya mwaka 1980. Maveterani na watoto wao wangependa kupaona mahali penyewe. Kumbukumbu ikipangwa kwa ajili yao peke yao, familia za Kolwezi zilizozika watu wao juma lile zitakuwa wageni katika mji wao. Mpango wa haki huanza kwa kukusanya ushuhuda wa wazee wa mitaa ya Manika na Musonoi, wakiwa bado hai.

Halafu kuna sifa ya mji nje. Mwaka 2014 mkazi wa mtaa wa Kasulo alikuta madini ya kobalti chini ya nyumba yake, na muda si muda mtaa mzima ukawa mashimo. Mwaka 2017 sehemu yake ilizungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 kuhusu watoto katika machimbo, pamoja na vitabu na filamu zilizofuata, zimelifanya jina la Kolwezi lijulikane kwa watu ambao wasingeweza kuionyesha Kongo kwenye ramani. Kijitabu cha utalii kinachojifanya hakijasikia habari hizo hakitaaminiwa na mtu. Kwa upande mwingine, kuwapeleka wageni kutazama wachimbaji wakiingia mashimoni ni biashara ya kuuza umaskini wa jirani, na ni hatari. Kilicho katikati ni kuruhusu vyama vya ushirika vya wachimbaji wenyewe kueleza kazi yao, mahali salama, kwa masharti yao, na malipo yakienda kwao.

Mambo ya kawaida ndiyo yanayomchosha mgeni zaidi. Barabara ya Lubumbashi ina lami na vituo vya peaji, lakini unaigawana na misururu ya malori ya shaba na ya asidi, na usiku si ya kusafiria. Kwenye ndege kuna Go Pass, ada iliyoanza 2009. Kadi ya homa ya manjano huulizwa. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa dukani hata kama ni halali kwingineko kote, na mgeni hulijua hilo akiwa tayari amekula. Bei za vyumba zimepangwa kwa mifuko ya makampuni, kwa hiyo familia ya Lubumbashi inayotaka mapumziko ya siku mbili haizimudu. Bei ya wikendi, ikikubaliwa na wenye hoteli wenyewe kwa siku ambazo vyumba viko wazi, haigharimu serikali hata faranga. Kigali ilionyesha njia katika eneo jirani la mikutano: iliunda ofisi maalumu ya kutafuta mikutano mwaka 2014, miaka miwili kabla jumba lake kubwa la mikutano halijafunguliwa, na ofisi hiyo hujadiliana na hoteli zote kwa sauti moja.

Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa 15 Mei 1939 na yenye kilomita za mraba 11,730, ndiyo ndoto ya mbali. Ina pundamilia wa mwisho wa Kongo, korongo, mabwawa makubwa ya ndege. Tangu 2017 ICCN inaiendesha pamoja na shirika la Forgotten Parks, na walinzi wake wamelipa kwa maisha yao. Hifadhi hiyo imekatwa na mipaka ya majimbo ya 2015, kama ilivyokatwa safari yoyote ya maana katika ukanda huu: maporomoko ya Lofoi yako Haut-Katanga, Sanga iko Haut-Lomami, makumbusho ya taifa yako Lubumbashi. Bila makubaliano ya majimbo hayo kuhusu vibali na waongoza wageni, msafiri ataanza upya kujieleza kila anapovuka kizuizi.

Fedha ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa Kolwezi na majirani zake hiki ni kiasi ambacho miji mingi ya utalii ya Afrika Mashariki haijawahi kukiona, na gati la Nzilo au jukwaa la machimbo vingeweza kuandikwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka wowote. Hata takwimu za kuanzia zipo: kila hoteli hujaza karatasi ya mgeni yenye uraia, alikotoka, anakokwenda na siku atakazolala. Zikihesabiwa kila mwezi zitaonyesha wangapi huondoka Ijumaa na wangapi hubaki, na mwaka baada ya mwaka zitaonyesha iwapo kazi inasonga.

Mji umeshapata nafasi ya kujipima. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kupandisha bei iliyokuwa imeanguka, ikaongeza muda wa katazo mara mbili, na tangu Oktoba mwaka huo biashara imerudi kwa mgawo. Kongo hutoa takribani robo tatu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka Lualaba. Karatasi za wageni za miezi hiyo, zikilinganishwa na za mwaka uliotangulia, zinaweza kuonyesha ni vyumba vingapi vya Kolwezi hutegemea kobalti na vingapi hutegemea kitu kingine.